Watu wa Tonge

Neno lenyewe ni bucellarii. Nimelifundisha miaka thelathini na ushei, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayecheka nikilitamka. Mwache acheke. Lilikuwa jina la askari wa nyumbani, siku zile ufalme wa Roma ulipokuwa umechakaa na kila mtu mkubwa akijifugia watu wake wenye silaha. Limetoka kwenye buccella, yaani tonge. Kwa hiyo ni watu wa tonge: anayekulisha ndiye unayembebea mkuki. Hakuna siri zaidi ya hiyo, ingawa wataalamu wameandika vitabu vizito juu yake.

Nililisikia mara ya kwanza Likasi, mji wetu wa shaba, katika shule ya masista, kutoka kwa padri mmoja mzee aliyekuja mara tatu kwa juma kutufundisha Kilatini sisi wasichana tisa. Kwa nini watoto tisa wa wafanyakazi wa kampuni ya shaba walihitaji Kilatini, hakuna aliyetueleza. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na Rais na Chama chake, tai za shingoni zimekatazwa, baba zetu walilazimika kuitwa citoyen, yaani raia, lakini Kilatini kilisalimika. Nadhani hakuna mtu wa Chama aliyejua kwamba kipo.

Padri huyo alikuwa na tabia ya kuliacha somo na kupotea vichochoroni, na katika kichochoro kimoja ndimo tulimokutana na watu wa tonge. Alituambia waliapa viapo viwili, kimoja kwa mfalme na kimoja kwa bwana wao, na tumbo ndilo lililojua kipi kilikuwa cha kweli. Mfalme mmoja alitoa sheria ya kuwakataza. Wakubwa wakaisikia sheria, wakaendelea kula mchana na walinzi wao. Halafu akasema jambo ambalo liliniingia kichwani likakaa. Kwa watu fulani waliotawala baada ya Roma, mtu wa tonge hakuwa mtumwa. Aliweza kumwacha bwana wake siku yoyote, mradi arudishe silaha alizopewa. Arudishe silaha, aende zake. Niliyaandika hayo kwenye daftari nikayapigia mstari kwa wino mwekundu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na domo lisilofungwa.

Nyumbani kwetu mtu wa tonge hakuwa wa kitabuni. Alilala chumba cha pili, kwenye godoro alilonyimwa mama akapewa yeye kwa sababu ni mtoto wa kwanza. Alikuwa kaka yangu, ambaye sisi tunamwita yaya. Baba alikuwa amempeleka mara tatu kwenye ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa kampuni, na mara tatu akaambiwa arudi mwezi ujao. Miaka miwili yaya alikaa juu ya tofali mbele ya mlango wetu, kule kambini kwa wafanyakazi, akiangalia wenzake wakienda kazini king'ora kikilia. Kisha akapata kazi, kama ile ni kazi. Akaingia kwa Mukubwa.

Mukubwa ndilo jina nitakalompa, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, na lile la kwao sitaki kulipotezea wino. Alikuwa kichwa cha Chama katika upande wetu wa mji. Cheo chake kilikuwa kirefu kuliko kazi aliyofanya, na abakosti zake, yale makoti ya Chama yasiyovaliwa tai, zilikuwa na mifuko minne ambayo yote ilijaa kalamu, wala sikumwona hata siku moja akiandika. Alikuwa na vijana wapatao ishirini wenye mashati ya kijani, mikanda mipana na fimbo. Jumamosi asubuhi walipita nyumba kwa nyumba wakipuliza filimbi, kututoa nje kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro na kufagia barabara. Eti kwa ajili ya taifa. Sisi tulipokuwa tumeinama mitaroni na matope hadi magotini, nusu ya vijana wenyewe walikuwa Kapolowe wakilima mahindi ya Mukubwa. Siku nyingine waliangalia nani hana beji ya Rais kifuani, na msichana gani amevaa suruali. Kazi nzito kweli kweli, ilihitaji wanaume ishirini.

Bunduki zilikuwa mbili, na moja alipewa yaya. Risasi yake hakuna aliyewahi kuiona. Aliipaka mafuta ya mawese ya mama kila Ijumaa, akaisugua kwa kitambaa, na mama akalalamika kwamba mafuta yanaisha na bunduki yenyewe hata nyama haituletei. Mukubwa aliipata wapi, hatukuuliza. Mtu wa kawaida akikutwa na bunduki siku zile, asingeiona tena nyumba yake. Lakini yaya hakujihesabu tena kuwa mtu wa kawaida.

Mshahara hawakuwa nao. Walikula. Kampuni iliwapa wafanyakazi wake posho, unga na mafuta na samaki wa chumvi, na baba yangu aliipata posho hiyo kwa kusimama juu ya matangi ya asidi mpaka suruali zake zote zikawa vitundu vitupu. Mukubwa naye alitoa posho yake: kila adhuhuri, uani nyuma ya nyumba, sufuria kubwa ya bukari na maharage. Bukari ndio ugali wetu. Vijana walikula wamesimama, wakapangusa mikono kwenye suruali, wakatoka kwenda kusumbua watu.

Hapo ndipo inapoingia sheria ya mama yangu, na bila sheria hiyo hakuna kinachoeleweka katika yale yaliyofuata. Kunawa kabla ya kula kila mtu anakujua. Mama alijali kunawa kwa baada ya kula. Mwenye nyumba anamimina maji, mgeni ananawa, anashukuru, na hapo ndipo chakula kimekwisha. Aliyeondoka bila kunawa, kwa mama, alikuwa bado amekaa kwenye mkeka. Hajaachana na nyumba ile, wala nyumba ile haijaachana naye. Hakuwa akifanya mzaha. Nilipokuwa na miaka tisa mjomba wangu alikula kwetu, king'ora kikalia, akaruka mbio kwenda kazini na bukari kwenye vidole. Mama alinipa kopo la maji nikimbie nyuma yake. Nilimfikia kwenye geti la kiwanda, mbele ya walinzi na wenzake wote, na mjomba, mtu mzima mwenye kofia ya chuma, akainama akanawa huku watu wakicheka mpaka wanashika mbavu. Hakuthubutu kukataa. Angekataa, asingekula tena kwetu.

Kwa hiyo juma la kwanza mama alimuuliza yaya kama kwa Mukubwa wananawa. Yaya akasema maji hakuna, na wa kuyamimina hakuna. Mama akafyonza. Akasema basi haujatoka bado kwa ule muntu, akaendelea kuchambua sombe, majani yetu ya muhogo. Mimi nilisikia maneno ya kawaida ya mama. Yaya aliyasikia vingine.

Nilimdharau, sifichi. Nilimwona mvulana mzima wa miaka ishirini na miwili anajinyoosha shati mbele ya kioo ili akawaburute wazee salongo, na moyo wangu ulijaa nyongo. Nikaanza kumwita bucellarius. Asubuhi, bucellarius. Akiomba chumvi, mpeni bucellarius chumvi. Akaniuliza maana yake, nikamweleza kwa furaha ya mtu anayetia pilipili kwenye kidonda. Nilitaka aone aibu. Lo! Alilipenda! Akaniomba niliandike kwenye karatasi, akaniuliza watu hao walivaa nini, na kama nao walipewa viatu. Hasira zangu zilipanda zaidi. Utamtukanaje mtu anayeyakunja matusi yako na kuyatia mfukoni?

Kilichomgeuza hakikuwa Kilatini changu. Lilikuwa jambo la jirani yetu, mzee aliyesimama na baba kwenye matangi ya asidi miaka kumi na minne. Jumamosi moja alikuwa na homa, hakutoka. Vijana wa Mukubwa wakaingia ndani wakamtoa kitandani na blanketi lake, wakamtia koleo mkononi, na aliyemshika mkono wa kushoto alikuwa yaya. Baba alikuwa mtaroni, aliona yote. Mwezi mzima hakusema na yaya neno hata moja. Akitaka chumvi alimwomba mtu mwingine. Nyumba ya vyumba viwili, na baba na mwana wanapishana mlangoni kimya. Mama alikonda.

Siku moja yaya akaja nilipokuwa nafua, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akaniuliza, wale watu wako wa kitabu, walifanyaje wakichoka? Nilijua anachouliza. Ningeweza kumjibu kama dada. Badala yake nilikausha mikono, nikaleta daftari, nikamsomea ule mstari mwekundu kwa sauti ya padri, na kwa kuwa nilikuwa na domo nikaongeza langu: lazima silaha irudishwe kwa bwana mwenyewe, mkononi mwake. Padri hakusema mkononi. Nililitia hilo kwa sababu niliona linapendeza, na kwa sababu nilitaka kumwona yaya akimwogopa Mukubwa ana kwa ana. Akaniuliza, mkononi? Nikasema mkononi. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaenda.

Siku chache baadaye, saa saba mchana, redio ilisoma majina ya watu waliofukuzwa kazi na Rais. Siku zile redio ilifanya hivyo: ulikaa kula ukiwa mkubwa, ukamaliza kula ukiwa si kitu. Jina la Mukubwa lilikuwa la katikati. Hatukujua kama tucheke, tukaendelea kula kwa mazoea. Chakula hakijapoa tukaona vijana wake wanapita mbio kambini. Wa kwanza alibeba kiti. Wa pili kuku wawili. Mmoja alikuwa amejifunga pazia kiunoni na mwingine anaburuta godoro ambalo sina shaka lilikuwa la Mukubwa mwenyewe. Viapo viwili, mikanda mipana, Chama mbele, na nyuma ya yote walikuwa wezi wa mapazia. Jioni ile ile mashati ya kijani yalionekana yamegeuzwa madekio. Nilicheka mpaka nikalia.

Yaya alikuwa nyumbani. Alikuwa amekuja kumwambia baba kwamba anatoka kwa Mukubwa, na bunduki ilikuwa imeegemea ukuta. Mama akamwambia aitupe chooni, mtoni, popote. Askari wa kweli wangefika muda wowote kuja kumchukua Mukubwa, na kila mtu alilijua hilo. Yaya akaichukua, akaifuta vumbi.

"Minye nitamurudishia mwenyewe," akasema. "Mu mukono. Kisha nitanawa, nitarudia."

Mama alimshika shati. Baba, ambaye hakuwa amesema naye mwezi mzima, alisimama mlangoni akasema hapana. Yaya akamjibu kwa adabu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema, na mama naye anasema asiyenawa hajatoka, sasa yeye anataka kutoka vizuri. Wote watatu wakaniangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: hilo la mkononi nimeliongeza mimi. Neno moja. Niliona aibu mbele ya baba, ambaye alijisifu kazini kwamba binti yake anajua Kilatini. Nikaangalia chini. Kifungo cha shati kilibaki mkononi mwa mama, na yaya akaenda.

Waliokuwa jirani na ile nyumba walitueleza baadaye. Mukubwa alijifungia ndani na masanduku. Yaya alisimama getini na bunduki yake isiyo na risasi, akagonga na kuita, Mukubwa, njoo uchukue kitu yako. Aligonga karibu saa nzima. Watu walimpita wamebeba viti wakamwita mjinga, na kusema kweli alikuwa mjinga, mjinga pekee mwaminifu katika barabara nzima. Askari walipofika walimkuta na silaha mkononi mbele ya geti la mtu aliyeanguka. Walihitaji nini tena? Wakawachukua wote wawili kwa gari moja. Alipoulizwa, Mukubwa alisema bunduki ile haijui, na kijana yule pia hamjui.

Wakapelekwa Buluo, gerezani, na mama akaanza safari zake. Mara mbili kwa juma alipanda nyuma ya lori na sufuria imefungwa ndani ya kitambaa, kama walivyofanya mama wote wenye mtu kule. Hakuruhusiwa kuingia; sufuria iliingia, ikarudi tupu. Mwezi wa pili mtu mmoja aliyefunguliwa alikuja kutuletea salamu za yaya, na kwa salamu hizo tukajua kwamba sufuria yetu inalisha wawili. Wake za Mukubwa walikuwa wamerudi makwao, hakuna aliyemletea kitu. Yaya alimtengea kwanza, kwa mazoea. Mukubwa alikula samaki, yaya akala miiba na mchuzi. Na bado alikuwa hamjui! Mtu anakula samaki wa mama wa kijana, anatengewa na kijana mwenyewe, kisha anaitwa kuulizwa juu ya bunduki na kusema huyu kijana sijamwona.

Niliwaka. Nilisema mama atie sumu, nilisema mama atie mchanga, nilisema maneno ambayo masista wangenifukuzia shule. Mama alisubiri nimalize. Mara iliyofuata nikaona anasonga bukari kubwa zaidi. Nikamuuliza kama amerogwa.

"Anakula kwangu," akasema. "Acha akule."

Miezi mitano. Kisha, saa saba mchana, redio ile ile ikasoma majina ya waliosamehewa, na huyo hapo tena, Mukubwa, na cheo kirefu kuliko kile cha kwanza. Alirudi mjini na gari jipya na ofisi yenye baraza. Wake walirudi. Juma moja halikuisha, na mashati ya kijani yakarudi pia. Mmoja wao nilimtambua, yule wa pazia. Yaya peke yake hakurudi. Alikuwa bado kule kwa sababu ya bunduki isiyo na mwenyewe. Sasa Mukubwa hakuwa na la kuogopa tena, sentensi moja yake ingetosha: ilikuwa yangu, nilimpa mimi. Baba alikwenda ofisini akaambiwa dosye, yaani faili, inashughulikiwa. Nikaandika barua kwa Kifaransa, barua nzuri, ukurasa mzima wa heshima na unyenyekevu. Nadhani walifungia karanga.

Mama hakuandika barua. Asubuhi moja aliniambia nivae nguo za shule na nibebe beseni. Yeye alibeba jagi la maji kichwani, taulo begani na kipande cha sabuni ndani ya jani. Njiani nilimuuliza tunakwenda wapi, akasema kunawisha mgeni. Nilitamani ardhi ipasuke. Tulivuka mji mzima hivyo, mimi na beseni langu la enameli lenye maua, mpaka kwenye baraza la Mukubwa, ambako watu arobaini hivi walikuwa wamekaa kwenye foleni na karatasi zao tangu alfajiri. Kijana wa pazia akatuuliza tunataka nini. Mama akamwambia na wewe nitakunawisha, subiri zamu yako. Watu wakaanza kuinua vichwa.

Mukubwa akatokea mlangoni kumsindikiza mgeni wake, katika abakosti mpya, na kalamu zake mfukoni. Mama akaweka jagi chini, akaninyang'anya beseni, akapiga magoti mbele yake. Magoti hayakuwa ya kuomba. Kwetu mwanamke hupiga magoti akimnawisha mgeni, na watu wote pale walikuwa wa kwetu au wa karibu na kwetu, walijua wanachokiona.

"Baba, miezi tano ulikulaka bukari yangu," akasema, wala sauti hakuipandisha. "Ukuta ilikuwa katikati yetu, sikukumiminia mayi. Leo nimeleta. Nawa, mutoto wangu naye anawe, arudie."

Foleni nzima ilisimama. Mukubwa alicheka kidogo, akasema mama huyu amechanganyikiwa, akageuka. Hakuna aliyecheka naye. Mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye hatukumjua wala yeye hakutujua, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, alikula kwake na hakunawa? Mwanamke mmoja akajibu, ndivyo anavyosema. Wakaanza kusimuliana, kutoka mwanzo wa foleni hadi mwisho: alikula, hakunawa, mtoto yuko Buluo. Mama hakusogea. Jagi alikuwa ameliinua tayari, limeinama, maji yako mdomoni mwa jagi. Nilimwona yule kijana wa pazia anaangalia mikono yake mwenyewe.

Mtu kama Mukubwa anaweza kudharau sheria, polisi, hata redio. Lakini watu arobaini wa foleni wangerudi majumbani kwao kula mchana, na kila nyumba ingelisikia neno hilo, na nani tena angekaa kula na Mukubwa? Alilijua hilo. Nilimwona akilijua. Jasho lilimtoka chini ya kola. Akainama, akanyoosha vidole vitatu, vitatu tu, kama anagusa kitu kichafu, na mama akamimina. Akampa sabuni. Akamimina tena, mpaka akanyoosha mikono yote miwili. Taulo hakulichukua, alikung'uta mikono na maji yakaniruka kwenye blauzi ya shule. Kisha, bila kumwangalia mama, akamwambia karani wake aandike: ile bunduki ilikuwa yangu, kijana alikuwa anairudisha. Mama akasema asante baba, akamwaga maji machafu kando ya ngazi, akanipa beseni. Siku hiyo nilimpenda mama yangu kwa namna iliyoniogopesha.

Yaya alirudi siku ya nane, kwa miguu, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Mama alikuwa amepika kuku. Tulikaa wote kuzunguka sinia moja, nikawamiminia maji ya kwanza, tukanawa. Baba akamega. Mama akamega. Mimi nikamega. Yaya alikaa na mikono yake misafi juu ya magoti, akiangalia mkono wa baba unavyokwenda na kurudi. Mama akamwambia kula. Akasema ndiyo, akabaki vile vile. Nilidhani anaumwa. Baba ndiye aliyeelewa kwanza: alikuwa anangoja mkubwa amalize. Miezi mitano alikuwa amekula hivyo.

Baba alikuwa amekula matonge mawili, na alikuwa ametoka kazini. Akatoa mkono wake kwenye sinia, akalisogeza lote mbele ya yaya.

"Minye nimeshiba," akasema. "Kula, mwana."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa yaya tangu ile hapana ya mlangoni. Yaya akala. Alikula mpaka sinia likang'aa, na sisi wengine tukakaa tukimwangalia bila haya. Dharau yangu yote ya mwaka mzima sikujua niipeleke wapi. Nikainuka kuchukua jagi, maana nilitaka niwe mimi wa kummiminia.

Alinawa polepole, hadi kwenye viwiko. Kisha, mikono ikiwa bado chini ya maji, akaniuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayetaka tu kuhakikisha.

"Kile kitabu yako, ilisema kabisa mu mukono?"

Nikasema ndiyo, ilisema. Akatikisa kichwa, ameridhika, nikaendelea kummiminia mpaka jagi likaisha.